Mlinzi wa Taulo

Duka liko Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Ixelles, Brussels, na mwenye duka ni mama wa Kikongo mwenye sauti ya kumwita mtu kutoka ng'ambo ya barabara. Nilimwambia natafuta kofia ya kuogelea ya mjukuu wangu.

“Papa, mutoto iko na tresses ao nywele ya kuacha tu?”

“Amesukwa,” nilisema. “Nyingi, na ndefu.”

“Bon. Alors zile za piscine haziwezi. Mupatie hii ya munene.” Akavuta kutoka chini ya kaunta kofia kubwa ya zambarau, akaipanua kwa mikono miwili mbele ya uso wangu. Kisha akachukua kopo la poda ya watoto wachanga, akanyunyiza kidogo ndani ili kunionyesha. “Unatia poudre hivi, haitamuvuta nywele. Quinze euros, papa. Na usiniambie ni bei, kichwa ni ya mutoto wako.”

Nilitaka kucheka, lakini harufu ile ya poda juu ya mpira ilikuwa imeshanifikia, na nikajikuta nimeshika ukingo wa kaunta. Yule mama aliniuliza kama nataka kiti. Nikasema hapana, nikalipa yuro kumi na tano, nikatoka nje na kofia mkononi bila mfuko.

Nilikuwa nimekwenda pale kwa sababu ya neno moja. Salma, mjukuu wangu wa miaka tisa, alirudi kutoka shuleni siku iliyotangulia akaniambia anataka nywele zake zikatwe, zote, fupi kama za mvulana. Nilimwuliza kwa nini. Alikuwa anakula biskuti na kutazama dirishani.

“Kwa ajili ya kuogelea, babu, kwenye piscine. Kofia haiingii vizuri, halafu wenzangu wananisubiri. Madame alisema ce serait plus simple.”

Ingekuwa rahisi zaidi. Maneno yale yale, kwa lugha ile ile, katika jiji lile lile. Mimi ni mzee sasa. Nimeendesha tramu za Brussels hadi magoti yakakataa, nimetukanwa na walevi na nimesifiwa Kifaransa changu na watu niliokuwa nawapita umri, na nilidhani hakuna tena kinachoweza kusemwa hapa kikanipandisha damu. Kumbe kipo. Na hasira niliyoisikia jikoni pale, mbele ya mtoto mwenye chembe za biskuti kidevuni, haikuwa mpya. Ilikuwa ya zamani, na aliyeilaza usingizi miaka yote hiyo ni mimi mwenyewe.

Tulifika Brussels mimi nikiwa na miaka saba na dada yangu Saada miaka tisa. Baba alikuwa dereva wa ubalozi. Alitangulia, kisha akatuita mama na sisi watoto kutoka Tabora. Tulikaa ghorofa ya juu kabisa karibu na uwanja wa Flagey. Siku hizi vijana hukaa pale nje na vikombe vyao vya kahawa, lakini wakati ule palikuwa pa kuegesha magari na kupitisha upepo. Watu weusi mtaani kwetu walikuwa wachache mno, na wote tuliitwa Wakongo. Baba alikuwa akisahihisha mwanzoni. Baadaye akaacha.

Ninyi wa rika langu mliokulia ugenini mnajua jinsi mtoto anavyopewa nafasi yake kabla hajajua kama anaitaka. Mimi nilipewa nafasi ya mtoto mzuri. Mwenye duka la mikate alikuwa akinisugua kichwa kila asubuhi, akiwaambia wateja kwamba kichwa kile kinaleta bahati, kisha hunipa kipande cha mkate mtamu. Nilipenda ule mkate, na sitadanganya, nilipenda pia kusuguliwa. Saada aliponyoshewa mkono kama huo alirudi nyuma hatua moja, akaukunja uso. Wakamwita mkaidi. Walimwita hivyo kwa kucheka, dukani, kwenye tramu, shuleni, mpaka likawa kama jina la pili. Ngozi yetu ilikuwa moja na tumbo letu lilikuwa moja, lakini mimi kichwa changu kilikuwa kimenyolewa, hakina cha kushika zaidi ya mzaha. Za kwake zilikuwa nywele za msichana, na kila mtu alijiona ana haki ya kuzishika, kuzivuta kidogo aone kama ni za kweli, na kutoa maoni.

Nywele zenyewe zilikuwa kazi ya Jumapili. Mama alikuwa na kopo la mafuta ya nazi alilokuja nalo, na kwa baridi ya huku yaliganda yakawa kama mshumaa, hivyo aliliweka juu ya rejeta, lile chuma la kupashia chumba joto, kabla ya chakula cha mchana, na nyumba nzima ikanukia. Saada alikaa sakafuni kati ya magoti ya mama, kanga begani, mimi nikapewa kazi ya kushika uzi. Mama alipenda kumsuka kwa uzi mweusi, ule mtindo wa kuzungusha uzi kwenye kila fungu la nywele hadi linasimama lenyewe kama kijiti. Alikuwa anasuka huku anaimba, na akimaliza alimshika Saada kidevu, akamgeuza huku na huku mbele ya dirisha, akasema, “Haya, bibi harusi, nenda kawaonyeshe.” Nyumbani kwetu Tabora mtoto aliyesukwa hivyo alisimamishwa njiani na wanawake wampe sifa mama yake. Hapa hakuna aliyempa sifa. Lakini nadhani mama alizisikia kichwani mwake, ndiyo maana aliendelea.

Na Alhamisi ilikuwa siku ya kuogelea. Shule yetu ilikuwa ndogo, madarasa mawili yakaenda pamoja, la kwangu na la Saada, tukitembea wawili wawili tumeshikana mikono hadi kwenye bwawa la manispaa. Wavulana tuliingia vichwa wazi. Wasichana walitakiwa kuvaa kofia za mpira, zile nzito za zamani zilizonukia kama tairi, na ndani yake walinyunyiziwa poda ili mpira using'ang'anie nywele. Kwa hiyo wasichana wote walitoka chumba cha kubadilishia nguo na poda kidogo kwenye paji la uso na masikioni. Kwa weupe haikuonekana. Kwa dada yangu ilionekana kama chokaa.

Siku ya kwanza nilimwona akitoka pale na ule mstari mweupe kuzunguka uso, na akili yangu ya miaka saba ikapata maelezo: amepakwa rangi ili aruhusiwe kuingia majini. Sikushangaa. Niliona ni jambo la haki kabisa, kama kuvua viatu mlangoni. Nikajitazama mikono, nikaogopa kwamba mimi wamenisahau, na kwamba mtu angekuja kunitoa. Niliogelea haraka haraka siku ile, kabla hawajakumbuka. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili hadi leo, na ninapoliandika naona kwamba mtoto yule alikosea kuhusu poda tu. Kuhusu mengine alikuwa ameelewa.

Kofia ya Saada ilichanika siku hiyo hiyo. Vile vijiti vya uzi viliisukuma kutoka ndani, ikapasuka kwa sauti, wasichana wakapiga kelele za kicheko, na mwalimu wake, mwanamke mrefu aliyening'iniza miwani kwa cheni, akamtoa majini kwa kumshika mkono. Tulimwita Madame tu, kama walimu wote wa kike. Jumapili iliyofuata mama alielezwa na Saada, na mama hakuwa mtu wa kulalamika bure. Aliacha uzi, akamsuka twende kilioni, mistari iliyolala chini kabisa, imeelekea nyuma yote. Alijaribu na mfuko wa nailoni jikoni kuhakikisha. Kofia mpya iliingia bila shida yoyote.

Basi likazuka jambo la mafuta. Madame alisema mafuta yanaharibu maji. Mama akazifua nywele za Saada kwa sabuni Jumatano mpaka zikakauka na kukatika. Ndipo likazuka jambo la muda: Saada anachukua muda mrefu kuvaa kofia, wenzake wanamsubiri. Sasa nikiwa mzee ninaliona vizuri. Kila mlango tulioufungua, walijenga ukuta nyuma yake, na walijenga kwa utulivu, kwa sauti ya upole, kama watu wanaotusaidia. Wakati ule niliona tu kwamba dada yangu ana matatizo mengi kuliko wengine.

Wakampa kazi. Hili ndilo linaloniumiza kuliko kicheko. Alikaa kwenye benchi kando ya bwawa na gauni lake na soksi za sufu, katika joto lile lenye dawa, na taulo za darasa zima zikarundikwa kando yake na mapajani mwake. Mtoto akitoka majini alimwendea na kusema jina lake, naye akampa taulo yake. Madame alimsifu mbele ya wote. Alisema Saada ni mlinzi mzuri sana wa taulo, kwamba hajawahi kukosea. Watoto wengine wakamzoea haraka mno. Walikuwa wakinyosha mkono bila kumtazama. Na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilitoka majini nikitetemeka, nikasema, “Yangu,” akanipa. Siku moja nilimwambia kwa Kiswahili, kwa utani, “Asante, yaya,” na wenzangu wakataka kujua nimesema nini, nikawaambia, wakacheka. Saada alinitazama tu. Usiku ule hakunifungulia mlango wa chumba chetu hadi mama alipoamka.

Baba alipoambiwa alisema, “Sisi ni wageni hapa. Mtoto hafi kwa kukosa kuogelea.” Siku iliyofuata mama alivaa kanga yake nzuri, juu yake koti la baba kwa sababu lake halikuwa na vifungo, akanishika mkono mmoja na Saada mkono mwingine.

“Leo utakuwa mdomo wangu,” aliniambia tukishuka ngazi.

Nilijaa fahari. Mama hakujua Kifaransa zaidi ya kusalimia na kununua vitunguu. Baba alijua cha barabarani. Saada alikijua, lakini alikisema kidogo na kwa hasira. Mimi ndiye niliyekinywa. Mama aliwaambia wageni wote, “Huyu mwanangu anajua Kifaransa,” kama mtu anayeonyesha kabati jipya.

Madame alitupokea darasani baada ya watoto kuondoka. Alimpa mama kiti cha mtoto, kwa sababu hakukuwa na kingine. Mama alikitazama, akabaki amesimama. Madame akaanza kusema, taratibu, akinitazama mimi, na mimi nikatafsiri vizuri tu: kwamba Saada ni msichana mwenye akili, kwamba tatizo ni nywele, kwamba kama zingekatwa fupi kama zangu ingekuwa rahisi zaidi kwa kila mtu. Plus simple. Alinigusa kichwa aliposema hivyo, kama mfano.

Mama alifunga kifungo cha juu cha koti la baba. Kisha akasema, na ninakumbuka kila neno, kwa sababu nilikuwa nalipokea niligeuze:

“Mwambie huyu mama hivi. Mwanangu nimemsuka mimi mwenyewe, mpaka vidole vikaniuma. Nywele zake ni safi kuliko maji yenu. Kama kofia yenu haimtoshi, tafuteni kofia nyingine, msitafute kichwa kingine. Na mwanangu si mtumishi wa taulo. Nilimleta kusoma. Kesho kutwa ataingia majini kama wenzake.”

Hakupaza sauti. Alisema akimtazama Madame machoni, na alipomaliza akanibana bega kidogo, kuniambia sasa ni zamu yangu.

Nilikuwa na maneno yote. Hilo lieleweke. Hakuna hata moja lililonishinda. Lakini nilitazama juu nikaona uso wa Madame, uso ule uliokuwa ukinitabasamia kila Alhamisi, na nikaona jinsi utakavyobadilika. Nikamwona mwenye duka la mikate. Nikaona benchi, na mimi nimekaa juu yake. Nikasema kwa Kifaransa changu kizuri:

“Mama anasema samahani kwa usumbufu. Anasema asante, Madame.”

“Kwa hiyo amekubali?” Madame aliuliza. “Kuhusu nywele?”

Nikasema, “Oui, Madame.”

Madame akafurahi. Akamsogelea mama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa. Mama akadhani amemshinda. Alinyosha shingo, akavuta koti la baba kama ni la malkia, na akaniuliza kwa sauti ya chini, “Kasemaje?” Nikajibu, “Kasema amesikia.”

Saada alikuwa amesimama kando ya ubao. Alisikia lugha zote mbili. Alikuwa mtu pekee katika chumba kile, zaidi yangu, aliyejua kilichotokea, na hakusema neno. Miaka mingi nimejiuliza kwa nini hakupiga kelele. Sasa najua: alikuwa anamtazama mama.

Njia nzima ya kurudi mama alikuwa mrefu. Sijui kusema vingine. Alitembea katikati ya njia ya waendao kwa miguu, hakuwapisha watu. Kwenye kona ya uwanja alisimama akatununulia chipsi kwenye kibanda, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akasema, “Mnaona? Watu ukisema nao, wanasikia.”

Alhamisi, Madame alimwingiza Saada chumba cha kubadilishia nguo kabla ya wengine. Alikuwa na mkasi wa darasani, ule wa kukatia karatasi za rangi, wenye ncha butu. Sikuona. Nilikuwa upande wa wavulana, nikisikia maji. Alipotoka alikuwa amevaa kofia na kofia ilikuwa imelala vizuri, na ule mstari wa poda usoni ulikuwa na michirizi. Madame akapiga makofi, darasa zima likapiga makofi, na dada yangu akaingizwa majini kwa heshima kama meli mpya. Taulo zikatupwa kwenye benchi ovyo. Alisimama pale kwenye kina kifupi, maji yakimfikia kifuani, mikono ameikunja, hakusogea hadi kipenga kilipolia. Hiyo ndiyo mara ya mwisho dada yangu kuingia kwenye maji yoyote yaliyo makubwa kuliko beseni.

Nyumbani alikataa kuvua kofia ya sufu. Mama alimvua kwa kucheka, akidhani ni mchezo, na kicheko kikakatikia mdomoni. Zilikuwa zimekatwa ovyo, mahali pengine hadi ngozi, pengine mistari imebaki nusu, inaning'inia.

“Nani amefanya hivi?”

Nilikuwa mezani na kikombe cha maziwa. Nilisubiri nitajwe. Saada alinitazama, kisha akamtazama mama, akasema, “Nimekata mwenyewe.”

Mama alimpiga. Alimpiga kofi, na lingine, huku analia, huku anasema, “Nimekwenda kukupigania! Nimekwenda mbele ya wale watu kukupigania, na wewe unafanya hivi!” Nilikunywa maziwa yangu.

Asubuhi kwenye ngazi nilimwuliza Saada kwa nini hakusema. Alikuwa anafunga mkanda wa kiatu. Alisema, “Ana furaha kuhusu Madame. Mwachie.” Kisha akanyanyuka akatangulia, na sina kumbukumbu ya kushikana naye mkono tena katika safari za shule.

Sasa nataka kusema jambo, na wenzangu wazee mnivumilie nikipandisha sauti. Nimejilaumu kwa lile “oui” karibu maisha yangu yote, na katika kujilaumu huko nimewafanyia wengine hisani kubwa wasiyostahili. Nilikuwa mtoto wa miaka saba. Mkasi haukuwa mkononi mwangu. Mwanamke mzima, aliyesomea kazi ya kulea watoto, aliuliza ruhusa ya kumnyoa binti wa mtu kwa mtoto mdogo aliyemfikia kiunoni, akaridhika na jibu, kwa sababu lilikuwa jibu alilolitaka. Hakumtazama mama usoni. Angemtazama angejua. Hakuna mwanamke anayeomba radhi kwa macho yale. Na wale waliopiga makofi, na wale walionyosha mikono kudai taulo, na manispaa iliyokuwa na kofia za kila rangi na za ukubwa mmoja, wote wamezeeka vizuri tu, na wakikumbuka siku zile watakumbuka kwamba palikuwa na msichana mweusi mkaidi, na kaka yake mchangamfu.

Kosa langu mimi ni jingine, na ni la mtu mzima. Mama aliishi miaka mingi. Baba aliacha ubalozi akapata kazi kwenye ghala la samani, tukabaki, tukaoa na kuolewa hapa hapa. Na katika kila harusi, kila Idi, kila mgeni aliyetoka nyumbani, mama aliisimulia hadithi yake: jinsi alivyokwenda shuleni na koti la mumewe, jinsi alivyokataa kiti cha mtoto, alivyomwambia yule mwalimu neno kwa neno, na jinsi Mzungu alivyoinamisha kichwa. “Na huyu ndiye aliyekuwa mdomo wangu,” alimalizia, akininyoshea kidole, na watu wakanipigia makofi. Nilikuwa na miaka ishirini, nikacheka na kuinama. Nilikuwa na arobaini, nikacheka na kuinama. Kisha mama aliongeza, “Lakini huyu Saada, akaenda akajikata nywele! Mkaidi tangu utoto.” Na watu wakacheka tena, na dada yangu akabeba sahani kupeleka jikoni. Mtoto aliyeogopa ninaweza kumsamehe siku moja moja. Yule bwana wa miaka arobaini mwenye tai, aliyeacha dada yake abebe sahani, sina cha kumtetea.

Mama alifariki miaka kumi iliyopita, kabla Salma hajazaliwa. Kwenye msiba wanawake waliisimulia hadithi ile upya, kwa machozi na kwa kicheko. Nilimfuata Saada jikoni. Nilifungua mdomo. Akasema, “Leo hapana,” akanipa treya ya vikombe nipeleke.

Kwa hiyo Jumapili hii, na ile kofia ya zambarau mfukoni, nilimpeleka Salma kwa Saada, bibi yake, kule Laeken, ili asukwe upya. Dada yangu ana nywele nyeupe sasa, ndefu, hajazikata tangu siku ile. Aliweka mafuta yake juu ya rejeta kwa mazoea, ingawa siku hizi ni ya chupa na hayagandi. Salma akakaa sakafuni kati ya magoti yake, mimi kwenye kochi. Niliitoa ile kofia. Salma akaicheka, akasema itamfanya aonekane kama uyoga.

“Bora kukata tu, bibi,” alisema. “C'est plus simple.”

Mkono wa Saada wenye chanuo ulisimama. Hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi.

“Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Mama alisemaje siku ile?”

“Unajua alivyosema, dada. Ulikuwepo.”

“Kwa Kiswahili nilisikia,” alisema. “Cha Kifaransa bado nakisubiri.”

“Mtoto anaelewa Kiswahili.”

“Kifaransa, Idi.”

Nikakaa mbele kidogo kwenye kochi. Nimeongea lugha hii kuliko yangu mwenyewe, nimetangazia vituo kwa lugha hii, nimebishana na kuchumbia kwa lugha hii, na sasa nikajiweka sawa kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Nilianza, nikakosea, nikaanza upya. Nikasema kwamba mwanangu nimemsuka mimi mwenyewe mpaka vidole vikaniuma. Nikasema kwamba nywele zake ni safi kuliko maji yenu. “Cherchez un autre bonnet,” nikasema, “pas une autre tête.” Nikasema kwamba si mtumishi wa taulo, nilimleta kusoma, na kesho kutwa ataingia majini kama wenzake. Sauti yangu ilikuwa imepanda bila mimi kujua. Mbwa wa jirani alibweka.

Salma alikuwa ameacha kuchezea kofia.

“Nani alisema hivyo?”

“Mama yetu,” nilisema. “Yule wa kwenye picha.”

“Alimwambia Madame? Usoni?”

“Usoni.”

Akatabasamu kwa meno yote, akaichukua kofia akaipachika juu ya nusu ya kichwa iliyokwisha kusukwa. “Halafu Madame akajibu nini?”

Saada hakuniokoa. Alichovya vidole kwenye mafuta, akasubiri.

“Hakujibu,” nilisema. “Hakuambiwa.”

“Kwa nini hakuambiwa?” Salma aligeuza kichwa kunitazama, na Saada akakirudisha taratibu kwa viganja vyote viwili, akavua ile kofia, akatafuta mstari alipoishia.

“Mwulize babu yako,” alisema. “Yeye ndiye anayejua Kifaransa.”